Mwananchi Aulizwe Kabla ya Kuambiwa

Kila siku ya Jumanne, wakati wa alasiri, wakazi wa Kigali hutakiwa kuacha kwa muda shughuli zao na kukutana katika mitaa yao. Wengine hukutana chini ya mti, wengine katika uwanja wa shule, na wengine katika ua wa ofisi ya akagari, ambayo ndiyo seli kwa Kiswahili. Mkutano huo huitwa kwa Kinyarwanda inteko y'abaturage, yaani baraza la wakazi, na hufanyika vile vile katika vijiji vya nchi nzima. Mbele ya baraza hilo huletwa ugomvi wa mpaka wa shamba, malalamiko ya mke aliyetelekezwa na mumewe, habari za mtoto aliyeacha shule, mfereji uliozibwa na taka, bima ya afya ambayo jamaa fulani hawajailipia, na zamu za ulinzi wa usiku. Viongozi husikiliza, majirani hutoa ushahidi, na mara nyingi jambo humalizwa hapo hapo, bila ya mtu kupoteza nauli kwenda wilayani wala kumlipa wakili.

Hilo ni jambo jema, na Rwanda ina haki ya kujivunia. Hata hivyo baraza lolote la wananchi, popote duniani, lina sura mbili. Linaweza kuwa mahali pa mwananchi kuulizwa, na linaweza pia kuwa mahali pa mwananchi kuambiwa tu. Kwa macho sura hizo mbili hazitofautiani: watu ni wale wale, kiongozi amesimama pale pale, na mwishoni makofi hupigwa vile vile. Tofauti yake hujulikana baadaye, katika matokeo. Kwa sababu hiyo inafaa ipimwe mapema, hasa katika mji unaobadilika kwa kasi kama Kigali, ambako uamuzi mmoja juu ya barabara au bonde waweza kugeuza maisha ya mamia ya jamaa.

Neno baraza lenyewe lina historia ya sura hizo mbili. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, baraza ni kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenyeji na mpita njia huketi sawa sawa, wakaulizana habari na kushauriana. Waswahili walioingia Rwanda zama za Wajerumani, wakakaa Nyamirambo na Biryogo, ambako Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913, walikuja na desturi hiyo. Lakini wakoloni nao walilichukua neno hilo hilo wakalipa maana nyingine. Baraza la Bwana Mkubwa wa Wilaya lilikuwa mkutano ambao watu waliitwa ili wasikie kodi ni kiasi gani na kazi ya shuruti itaanza lini. Hapakuwa na swali la kuulizwa, na aliyeuliza alihesabiwa kuwa mkorofi.

Wanyarwanda nao walikuwa na baraza lao tangu kale. Wazee wenye kuaminika waliketi penye majani, wakasikiliza pande zote mbili za ugomvi, na lengo lao la kwanza lilikuwa kuwapatanisha jamaa ambao kesho yake wangekutana tena kisimani. Hiyo ndiyo gacaca. Chini ya utawala wa Wabelgiji machifu waligeuzwa wapeleka amri: amri ya kulima kahawa, amri ya kutengeneza barabara, amri ya kulipa kodi. Gacaca ilibaki kwa magomvi madogo madogo, na mambo makubwa yaliamuliwa mahali ambapo mwanakijiji hakufika.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, Kigali, mji mdogo uliokuwa umeanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ulifanywa makao makuu ya nchi. Ilitazamiwa kwamba sauti ya mwananchi sasa ingesikika. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974 utawala wa Juvénal Habyarimana ulitangaza kazi ya pamoja, umuganda, kuwa wajibu wa kila wiki. Mwaka 1975 chama kimoja cha MRND kiliundwa, na kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama wake, apende asipende. Toka kwa mkuu wa mkoa mpaka kwa burugumesta wa komini, toka kwa burugumesta mpaka kwa diwani, na toka kwa diwani mpaka kwa nyumbakumi, jina lililoazimwa kutoka Kiswahili, ulitandazwa mfumo ambao kwao neno moja lililotamkwa Kigali lingeweza kufika kwenye kila mlango katika muda wa siku chache. Mfumo huo ulikuwa hodari sana wa kupeleka amri chini. Haukuwa na njia ya kuleta swali juu.

Ulimwengu uliona mwaka 1994 mfumo wa namna hiyo unaweza kutumiwa kwa kazi gani. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ambamo zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, mikutano ya mitaa ilitumiwa kueneza chuki na kugawa zamu za kuua. Orodha za wakazi zilizotengenezwa kwa ajili ya utawala zilitumiwa kuwatafuta watu majumbani mwao. Mauaji yenyewe yaliitwa kazi. Walikuwako viongozi na raia waliokataa, wakawaficha majirani, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Lakini kwa jumla mkutano uliozoea kusikiliza amri bila ya kuuliza haukuwa na kinga ilipokuja amri ya kuangamiza.

Hili ndilo fundisho linaloufanya mkutano wa Jumanne uwe jambo zito kuliko unavyoonekana. Nchi iliyopitia hayo haiwezi kuridhika na baraza linalojaza watu tu. Inahitaji baraza ambamo mwananchi amezoea kusimama na kusema: jambo hili silielewi, nielezwe, au, jambo hili si haki.

Kazi ya kujenga upya ilichukua njia hiyo hatua kwa hatua. Mwezi wa Machi 1999 uchaguzi wa viongozi wa seli na kata ulifanyika, na wananchi walipanga mstari nyuma ya mtu waliyemtaka. Mwaka 2000 Serikali ilipitisha sera ya kupeleka madaraka mikoani na vijijini. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2012 mahakama za gacaca, zipatazo 12,000, ziliendesha karibu kesi milioni mbili za mauaji ya kimbari, zikisimamiwa na watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao na kuitwa inyangamugayo, yaani watu waadilifu. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake na wakosoaji wake. Hata hivyo ilifundisha jambo moja ambalo halikuwahi kufundishwa kwa kiwango hicho: kwamba mkulima aweza kusimama mbele ya kijiji kizima, akamtaja aliyekuwa mkubwa wake, naye mkubwa huyo akalazimika kujibu. Baada ya hapo wakaja abunzi, wapatanishi wa kujitolea wanaochaguliwa katika seli, na mwaka 2006 zikaanza imihigo, ahadi za utendaji ambazo mameya wa wilaya hutia sahihi mbele ya Rais wa nchi.

Mwaka huo huo wa 2006 nchi iligawanywa upya katika mikoa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya 30, kata 416 na seli 2,148, na chini yake vijiji karibu 15,000. Kigali yenyewe ina wilaya tatu, Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, zenye kata 35. Sheria ya mwaka 2019 juu ya Jiji la Kigali iliziondolea wilaya hizo tatu hadhi ya kuwa vyombo vinavyojitegemea kisheria, madaraka yakakusanywa katika Jiji. Nia ilikuwa kuondoa kazi kufanywa mara mbili mbili na kuharakisha mipango ya mji mzima. Nia hiyo inaeleweka. Lakini uamuzi unapopanda juu, baraza la chini huongezewa mzigo, kwa sababu ndilo linalobaki karibu na mlango wa mwananchi.

Na wananchi wenyewe wameongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 1,132,686 mjini Kigali. Hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta 1,745,555. Katika miaka kumi mji ulipokea nyongeza ya watu zaidi ya laki sita, nao wote wanataka nyumba, maji, njia na mahali pa kufanyia biashara, juu ya vilima vile vile na kando ya mabonde yale yale.

Maana ya kuulizwa mapema inafahamika vizuri kwa watu wanaoishi kwa kutegemea maji. Huko magharibi mwa nchi, katika Ziwa Kivu, wavuvi wa Rubavu, Karongi na Rusizi hutoka usiku na mashua zao zilizofungwa tatu tatu, wakiimba, kutafuta isambaza, dagaa walioletwa ziwani humo kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda wa miezi kama miwili ili samaki wazaliane. Amri hiyo haiwezi kulindwa na polisi peke yao, maana ziwa ni pana na usiku ni mrefu. Mlinzi wake wa kwanza ni mvuvi mwenyewe, aliyekaa na wenzake katika ushirika, akaelewa kwamba nyavu zikipumzika leo zitajaa kesho. Asiyeelezwa ataona amenyang'anywa chakula, naye atavua kwa siri.

Mfano ulio mkubwa zaidi unapatikana pwani ya Kenya, katika Lamu. Mji huo wa kale, ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, umeishi karne nyingi kwa jahazi, mikoko na uvuvi. Tarehe 2 Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia walikutana huko kuzindua ujenzi wa bandari kubwa ya meli za kina kirefu, pamoja na njia ya kuziunganisha nchi hizo tatu. Faida ya mradi kwa mataifa ilielezwa sana. Lakini wavuvi wa Lamu walikuwa na maswali yao. Mlango wa bahari ukichimbwa na mikoko ikikatwa, samaki watakwenda wapi? Mwenye dau dogo atavulia wapi, ikiwa hana chombo cha kumfikisha kwenye maji makuu? Mashamba yatakayochukuliwa yatalipwa vipi, na lini?

Maswali hayo hayakuwa na mahali pa kuulizwa. Kwa hiyo wakazi walijitengenezea mahali. Vikundi vya wavuvi, vya wanawake, vya vijana na vya wenye mashamba viliungana katika jumuiya iliyojulikana kwa jina la Save Lamu, wakawa wanakutana, wanaandika madai yao, na wanaeleza kwa maneno yao wenyewe jinsi wanavyoitumia bahari na ardhi yao. Hakuna sheria iliyowaamuru kuunda baraza hilo. Haja ndiyo iliyowaamuru. Mwaka ule ule wa 2012 baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani, wakitegemea Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayotaka wananchi washirikishwe.

Kesi ilichukua miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimevunjwa, ikiwemo haki ya kupewa habari na kushirikishwa, na haki ya kuishi katika mazingira safi. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuriwa walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hata baada ya hukumu, mabishano juu ya namna ya kuilipa fidia hiyo yaliendelea kwa muda mrefu, na tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza lilifunguliwa huku wavuvi wakiwa bado wanadai. Katika jambo jingine, mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe karibu na Lamu, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mradi mwezi wa Juni 2019, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Yako mafundisho mawili katika habari hizo. La kwanza ni kwamba kutowauliza watu hakuharakishi kazi. Fedha ambazo zingetumika katika mikutano ya miezi michache zilitumika mara nyingi zaidi katika mahakama na katika miaka iliyopotea. La pili ni kwamba baraza linaloundwa baada ya uamuzi kupitishwa hubakiwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni mlango wa mahakama. Lamu ilikuwa na sauti, ikakosa kiti. Kigali imekwisha kupewa kiti kila Jumanne. Linalobaki ni kuangalia kama sauti nayo ipo.

Mahali pa kuangalia ni kwenye jambo zito kuliko yote katika mji: kuhamishwa kwa wakazi. Jiji la Kigali lina ramani kuu ya maendeleo, ambayo ilifanyiwa marekebisho na kupitishwa mwaka 2020, nayo imetazama mpaka mwaka 2050. Tangu mwisho wa mwaka 2019 jamaa wengi na biashara nyingi zimeondolewa mabondeni, kwa sababu mabonde hayo ndiyo yanayopokea na kusafisha maji ya mvua. Sababu hiyo si ya kubuni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na zaidi ya watu 130 walikufa. Serikali ambayo ingewaacha wananchi wake walale chini ya kilima kinachoanguka ingestahili kulaumiwa. Na penye bonde lililotunzwa faida imeonekana: huko Nyandungu hekta zaidi ya 120 zilizokuwa zimeharibika zilifanywa bustani ya viumbe na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2022.

Lakini wajibu wa kumwokoa mtu hauondoi haki yake ya kuulizwa. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 juu ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma inataka wakazi wanaohusika waitwe katika mkutano wa kushauriana, na fidia ilipwe kabla ya mtu kuondoka. Sheria hiyo ni nzuri. Ubora wake hutegemea namna mkutano huo unavyoendeshwa. Kangondo na Kibiraro, mahali palipojulikana na watu kwa jina la Bannyahe, karibu na nyumba za fahari za Nyarutarama, kwa miaka kadhaa palikuwa na mzozo. Wenye nyumba wengi walitaka walipwe fedha ili kila mmoja ajitafutie pa kwenda. Mpango uliokuwako ulikuwa wa kuwapa nyumba zilizojengwa tayari huko Busanza, wilaya ya Kicukiro. Mambo yalifika mahakamani. Mwaka 2022 wa mwisho wao walihamishwa. Wale waliohamia walipata kuta imara, maji na umeme. Lakini mtu aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vinne vya uani hakuwa tena na uani, na aliyekuwa na kibanda cha mboga aliwaacha wateja wake nyuma.

Huko Mpazi, katika kata ya Gitega, wilaya ya Nyarugenge, umetumika utaratibu mwingine. Nyumba za ghorofa zimejengwa katika eneo lile lile la zamani, na mwenye kiwanja amepewa makazi badala ya ardhi yake, bila ya kutengwa na soko lake, shule ya watoto wake na majirani zake. Si kila mahali utaratibu huo utafaa, maana penye hatari ya maji hapajengwi tena. Hata hivyo miji miwili ndani ya mji mmoja imeonyesha kwamba njia ya kumwondoa mtu katika nyumba mbovu haiko moja. Zikiwapo njia zaidi ya moja, anayejua ipi itavunja riziki yake na ipi itaihifadhi ni mkazi mwenyewe. Mchora ramani anajua mteremko wa kilima. Hajui mama fulani huuza ndizi zake kwa nani.

Wako wanaosema kwamba wananchi wakiulizwa kila jambo maendeleo yatachelewa, na kwamba mtu wa kawaida hawezi kuelewa ramani. Hoja hiyo ni ya zamani. Wakoloni nao waliitumia. Mwananchi aliyeweza kusikiliza kesi nzito za mauaji ya kimbari, akapima ushahidi na kutoa hukumu, hashindwi kuelewa mahali barabara itakapopita. Kinachohitajika ni aelezwe kwa lugha anayoifahamu, na kabla mambo hayajafungwa.

Neno kabla ndilo lenye uzito. Mwaka wa fedha wa Rwanda huanza tarehe 1 Julai, na mipango pamoja na imihigo huandaliwa miezi mingi nyuma yake. Baraza linaloulizwa mwezi wa Juni linataka nini huwa limeulizwa bure, maana fedha zimekwisha kugawanywa. Ingefaa basi kila mtaa ujue ni Jumanne zipi ambazo maoni yake yanachukuliwa kwa ajili ya mwaka unaofuata, na siku hizo zitangazwe mapema kama zinavyotangazwa siku za chanjo.

Baada ya swali hufuata jibu. Kiongozi wa mtaa ni mtu wa kujitolea, halipwi mshahara, na mambo mengi yanayoulizwa yako juu ya uwezo wake. Hakuna aibu akisema hana jibu. Aibu ni jambo hilo kupotea. Kila mkutano hauna budi kuwa na daftari, na mkutano unaofuata uanze kwa kusomwa yaliyoulizwa Jumanne iliyopita: lipi limejibiwa, lipi limepelekwa kwa katibu mtendaji wa seli, ambaye watu wamezoea kumwita gitifu, lipi liko katani, na lipi limefika kwenye Jiji. Swali lililoandikwa na kusomwa tena mara tatu mbele ya watu humsumbua mkubwa kuliko kelele za siku moja.

Tena haifai kusahau nani hayupo. Mama anayeuza mboga barabarani akija mkutanoni hupoteza mauzo ya alasiri nzima. Kijana wa pikipiki hesabu zake ni za kila siku. Wapangaji, ambao ni wengi Kigali, hudhani kwamba habari za mtaa ni za wenye nyumba, ingawa nyumba ikibomolewa wao ndio wa kwanza kukosa pa kulala, na fidia haiwafikii. Kuwahesabu watu hao kuwa wavivu au wakaidi kwa sababu hawakuhudhuria ni kosa. Ni heri saa ibadilishwe, au wapewe nafasi ya kutoa maoni yao siku nyingine, kuliko baraza kuwa la wastaafu na wenye viwanja peke yao.

Wananchi nao wana deni lao. Mkutano wa hadhara si mahali pa kulipia kisasi, wala pa kumchafulia jirani jina kwa fununu. Historia ya Rwanda imekwisha kuonyesha neno la chuki linalosemwa mbele ya umati linaishia wapi. Anayesimama na aseme analolijua, akiwa na ushahidi wake. Na anayelalamika juu ya mfereji awe tayari kushika jembe siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Zaidi ya hayo, mwananchi asikae kimya mkutanoni halafu akaja kunung'unika nyumbani. Kimya chake huandikwa kuwa ni kukubali.

Wanyarwanda husema, abagiye inama Imana irabasanga: wanaoshauriana, Mungu huwa pamoja nao. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Methali zote mbili zinasifu watu wanaoshauriana, na kushauriana kunadai angalau watu wawili wenye haki ya kusema. Kwa hiyo viongozi wa Kigali, toka mtaani mpaka kwenye Jiji, hawana budi kuyapeleka mambo makubwa kwenye baraza yangali mabichi, wayajibu maswali kwa maandishi, na wakubali kwamba mara nyingine jibu la wananchi litakuwa hapana. Na wakazi hawana budi kuitumia haki hiyo waliyonayo. Watu wa Lamu walilazimika kuitafuta mahakamani kwa miaka sita. Kigali inaweza kuitumia Jumanne ijayo.